Mwongozo wa Kutembelea Llandudno na Fukwe Zake Mbili, Kaskazini mwa Welisi

Llandudno ni mji wa mapumziko ulioko kwenye pwani ya kaskazini ya Welisi, mahali ambapo shingo nyembamba ya ardhi inaiunganisha rasi kubwa ya mawe ya chokaa, Great Orme, na bara. Kwa sababu ya umbo hilo, mji una bahari pande mbili. Upande mmoja upo Ufukwe wa Kaskazini, uliojipinda kama mundu hadi kwenye rasi ndogo ya Little Orme, na upande wa pili upo Ufukwe wa Magharibi, unaotazama mdomo wa mto Conwy na milima ya Eryri. Mji huu haukukua wenyewe kidogo kidogo kutoka kijiji cha wavuvi. Mwaka 1848, mpimaji ardhi kutoka Liverpool aitwaye Owen Williams aliwasilisha ramani ya mji mpya kwa ukoo wa Mostyn, uliomiliki ardhi hiyo, na tangu hapo mitaa ikapimwa mipana na hoteli zikapangwa kufuata mkunjo wa ghuba. Nia ilikuwa kumpa mgeni nafasi ya kutembea kando ya bahari na kuvuta hewa yake.

Ni vyema kulifahamu jambo hilo kabla ya kufunga mizigo. Anayekuja akitarajia maji ya Nungwi au mchanga wa Diani atasononeka siku ya kwanza, kwa sababu bahari hapa ni ya baridi na rangi yake mara nyingi ni ya kijivu. Lakini anayekuja akiwa ameshika jedwali la maji kujaa na kupwa, na akaipanga siku yake kulifuata kama afanyavyo mvuvi au mama anayekwenda kuokota chaza, atakuta mji ambao kila saa unampa kitu kingine cha kutazama. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata maji.

Kwanza: viza na tarehe ya safari

Welisi ni sehemu ya Ufalme wa Muungano na haina viza yake yenyewe. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, ambayo kwa kawaida humruhusu kukaa hadi miezi 6. Maombi hujazwa kwenye intaneti, kisha mwombaji huenda kituo cha viza kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Maombi yanaweza kutumwa miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki 3, ingawa ni busara kujipa muda zaidi ya huo. Mwenye pasipoti ya Omani haombi viza kwa ziara fupi, bali huomba idhini ya safari ya kielektroniki inayojulikana kwa herufi ETA. Kwa wasomaji wanaoishi Manchester au Liverpool, hii ni safari inayoweza kufanywa kwa siku moja, ingawa mimi humshauri kila mtu alale walau usiku mmoja, kwa sababu jioni ya Ufukwe wa Magharibi haifai kukatishwa na ratiba ya treni.

Uchaguzi wa mwezi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa 3:45 usiku, hivyo mchana ni mrefu mno, na Mwislamu ajue kwamba Magharibi itaingia wakati ambao kwao angekuwa tayari kitandani. Hata hivyo bahari ya Juni bado ni baridi, kwa kuwa maji huchelewa kupata joto. Kuanzia wiki ya tatu ya Julai hadi mwisho wa Agosti shule zimefungwa, hoteli zinajaa na bei zinapanda. Mimi napendekeza wiki mbili za mwanzo za Septemba: watoto wamerudi shuleni, bahari ipo karibu na kilele cha joto lake la mwaka, na tramu ya kupandia rasi bado inafanya kazi, kwani msimu wake huanza mwishoni mwa Machi na kumalizika mwishoni mwa Oktoba.

Pili: lisome jedwali la maji kabla ya kuchagua siku

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa bamvu, yaani siku za maji makubwa, na maji mafu, yaani siku za maji madogo. Anachohitaji kujua ni kwamba mambo hayo hapa ni makubwa zaidi. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvu ni kama mita 3 au 4. Llandudno hufikia takriban mita 7. Maana yake ni kwamba bahari iliyokuwa ikigonga ukuta wa barabara ya ufukweni inaweza, saa sita baadaye, kuwa mbali kiasi cha kumlazimu mtoto kutembea kwa muda ili ailoweshe miguu yake.

Tofauti ya pili ni ya saa. Mzanzibari amezoea kwamba siku za bamvu maji hujaa karibu saa 10 alasiri. Kwenye pwani hii ya Welisi, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa 6 mchana na kupwa karibu na saa 12 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na jioni, na hupwa katikati ya mchana, ingawa hayaendi mbali. Hivyo anayetaka mchanga mpana wa jioni achague siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na anayetaka watoto wacheze kwenye mchanga mchana achague siku zilizo karibu na nusu mwezi. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Jedwali lenyewe hupatikana bure kwenye intaneti, na hoteli nyingi hulibandika mapokezi. Hapa pana kosa ambalo wageni wengi hulifanya. Baadhi ya majedwali huandikwa kwa saa za Greenwich mwaka mzima, ilhali kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba saa za nchi nzima husogezwa mbele kwa saa moja. Tazama juu ya ukurasa imeandikwa GMT (saa za Greenwich) au BST (saa za majira ya joto); ikiwa ni GMT na wewe uko huko majira ya joto, ongeza saa moja. Kumbuka vilevile kwamba jedwali huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 12:00 ni saa 6 mchana kwa hesabu yetu. Andika saa zako mbili au tatu kwenye karatasi, kwa hesabu unayoitumia kichwani, na uiweke mfukoni.

Tatu: safari ya treni

Kutoka London, panda treni katika kituo cha Euston hadi Llandudno Junction, safari ya saa tatu na ushee, kisha badilisha treni kwa kipande kifupi cha mwisho kinachoingia mjini. Kutoka Manchester zipo treni zinazofika Llandudno bila kubadilisha. Tiketi za bei nafuu za treni za masafa hufunguliwa wiki kadhaa kabla, na zikinunuliwa siku ya safari bei huweza kuwa mara mbili au zaidi. Mara mtakapoondoka Chester kuelekea magharibi, kaa upande wa kulia wa uelekeo wa treni, kwa kuwa reli hufuata ukingo wa bahari kwa muda mrefu, na kutokea dirishani utaweza kuangalia kama maji yanajaa au yanapwa, na kama karatasi yako inasema kweli.

Ukiingia Welisi, mabango ni ya lugha mbili, na mara nyingi Kiwelisi hutangulia. *Traeth* ni ufukwe, *gorsaf* ni kituo, *araf* iliyochorwa barabarani ni "polepole", na *perygl* ni hatari. Neno hilo la mwisho ulikariri, maana utalikuta penye mchanga laini na penye miamba. *Diolch* ni asante. Jina la mji lenyewe humpa taabu mgeni: herufi mbili za *ll* hutamkwa kwa kuweka ulimi kama unayetaka kusema *l*, kisha kupuliza hewa ipite pembeni mwa ulimi bila sauti ya koo. Maana yake ni kanisa la Tudno, mtakatifu wa karne ya 6, na kanisa lenye jina lake bado limesimama juu ya rasi, likitazama baharini. Wenyeji hufurahi wanapomwona mgeni akijaribu kutamka, na mwenye Kiswahili, aliyezoea kusoma kila herufi, huanza akiwa na nafuu.

Nne: malazi

Nyumba nyingi za wageni ni majumba ya karne ya 19 yenye ngazi ndefu na nyembamba, na baadhi hazina lifti. Ukisafiri na mzee au mgonjwa wa magoti, uliza swali hilo kwa maandishi kabla ya kulipa. Chumba cha mbele chenye dirisha la ghuba hugharimu zaidi. Kama fedha ni chache, chukua chumba cha nyuma, kwa kuwa barabara ya ufukweni iko hatua chache tu kutoka mlangoni. Vyumba kwa kawaida hufunguliwa saa 9 alasiri, lakini nyumba nyingi hukubali kukuhifadhia mizigo asubuhi.

Tano: asubuhi kwenye Ufukwe wa Kaskazini

Ufukwe huu hutazama kaskazini-mashariki, hivyo hupata jua la asubuhi, na mara nyingi Great Orme huukinga na upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio upepo wa kawaida wa nchi hii. Anza hapa. Vaa viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu sehemu ya juu ya ufukwe ni kokoto na mawe, na mchanga huonekana maji yakipwa. Mengine ni mawe yaliyoletwa kwa makusudi ili kuukinga mji na mawimbi, na wapo wakazi ambao kwa miaka mingi wamedai mchanga wao urudishwe. Nawaelewa, ingawa nimeona mawimbi ya dhoruba yakirusha maji juu ya barabara, na siku hiyo mawe hayo yalikuwa na kazi.

Tembea kwenye barabara ya ufukweni, pana na tambarare, inayofaa kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto, ukielekea upande wa Great Orme. Hoteli zilizo mkono wa kushoto zimepakwa rangi hafifu na zinakwenda kwa mkunjo mmoja bila jengo refu la kuuvunja, jambo ambalo miji mingi ya pwani ya Uingereza imelipoteza. Mwisho wa njia utafika kwenye gati, lililofunguliwa mwaka 1877 na lenye urefu wa takriban mita 700, refu kuliko magati yote ya Welisi. Lilichukua nafasi ya gati la mbao lililojengwa mwaka 1858 na kuharibiwa na dhoruba kuu ya Oktoba 1859. Kuingia ni bure. Lipande wakati maji yamejaa, siyo wakati yamepwa: kupitia nafasi za mbao utaiona bahari ikipita chini ya nyayo zako, na ukifika mwisho utakuwa umesimama baharini kweli, huku mji wote ukiwa umegeuka kukutazama. Upande wa kaskazini-mashariki, siku ya hewa safi, huonekana safu za mitambo ya upepo ya Gwynt y Môr, 160 kwa jumla.

Karibu na lango la gati, siku za msimu, huwekwa kibanda chenye pazia la mistari cha vikaragosi vya Punch na Judy. Ukoo wa Codman umekuwa ukionyesha mchezo huu mjini tangu mwaka 1860, na inasimuliwa kuwa mwanzilishi, Richard Codman, alichonga vikaragosi vyake kwa mbao zilizoletwa na maji ufukweni. Ni mchezo wa bakora na makelele, na mtoto mdogo anaweza kushtuka mwanzoni, lakini watoto wenzake wanapoanza kumjibu Punch kwa sauti atajiunga nao. Sahani hupitishwa kwa watazamaji. Weka sarafu, kwa sababu mwonyeshaji haishi kwa kitu kingine.

Sita: kuoga baharini

Hapa naomba msomaji asome polepole, hasa yule anayejua kuogelea vizuri. Joto la maji katika kilele cha majira ya joto ni kama nyuzi 16 au 17 za Selsiasi, ilhali bahari ya Dar es Salaam au Mombasa huwa baina ya 25 na 29. Mwili uliozoea maji ya uvuguvugu ukitumbukia ghafla hupatwa na mshtuko: pumzi hukatika, mtu huvuta hewa bila kukusudia, moyo hukimbia, na kama kichwa kiko chini ya maji huyanywa. Wanaozama katika pwani hizi huwa ni pamoja na waogeleaji hodari, kwa kuwa mshtuko hautazami ustadi.

Kwa hiyo ingia kwa miguu, taratibu, ukijimwagia maji shingoni na mikononi, na usiruke kutoka kwenye gati wala mwamba. Ukishtuka, usipigane na maji. Lala chali, rudisha kichwa nyuma, tandaza mikono, na uelee hadi pumzi itulie, jambo linalochukua kama dakika moja au mbili. Ndipo uogelee au uite msaada. Mara ya kwanza usikae zaidi ya dakika chache. Mkae wawili, mmoja akiwa nje ya maji. Usidhani kuna mwokoaji, bali soma ubao ulioko penye ngazi za kuingilia ufukweni. Ukimwona mtu hatarini, piga 999 na uombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani, kisha mrushie kitu kinachoelea, usimfuate.

Wanaokuja kuokoa ni watu wa kujitolea wa RNLI, taasisi ya uokoaji baharini iliyoanzishwa mwaka 1824. Nyumba ya boti yao ya zamani haikuwa ufukweni, bali katikati ya mji, kwenye barabara ya Lloyd, ili boti iweze kuvutwa kuelekea ufukwe wowote kati ya hizo mbili. Kwa zaidi ya karne moja wakazi waliiona ikipita mitaani mwao. Tangu 2017 boti iko kwenye jengo jipya upande wa Craig-y-Don, mashariki mwa mji. Sanduku la mchango lipo, na ningependa kila mgeni asilipite.

Ukitoka majini jikaushe mara moja. Kanga mbili hufanya kazi nzuri kuliko taulo, moja ya kujikausha na nyingine ya kujisitiri unapobadili nguo, na baada yake vaa sweta hata kama jua linawaka.

Saba: chakula

Chakula cha mchana cha pwani hii ni samaki wa kukaanga kwa rojo la unga pamoja na chipsi nene, vinavyonyunyiziwa chumvi na siki. Maduka mengine ya Uingereza hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo anayejali uhalali wa chakula, au asiyekula nyama, aulize kwanza kama mafuta ni ya mimea. Swali hilo ni la kawaida na halimkeri muuzaji. Kula ukiwa umekipa mgongo kibaraza au ukuta, kwa kuwa shakwe wa hapa ni wakubwa na huja kutokea nyuma ya bega. Baadaye tafuta chai na *bara brith*, mkate mtamu wenye zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai. Zawadi ya desturi ya kupeleka nyumbani ni pipi ndefu ngumu yenye jina la mji lililopita ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nane: kupanda Great Orme

Rasi ina kimo cha mita 207, na jina lake limetokana na neno la mabaharia wa Kinorsi lenye maana ya nyoka. Hapa nataja njia tatu za kupanda. Ya kwanza ni tramu iliyofunguliwa mwaka 1902, inayovutwa kwa kamba ya chuma. Abiria hushuka kituo cha Halfway na kupanda tramu ya pili hadi kileleni. Ya pili ni vikapu vya angani vya tangu 1969, vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, ambavyo husimamishwa upepo ukizidi, hivyo usiviweke kwenye mpango wako bila mbadala. Ya tatu ni miguu yako. Ushauri wangu ni kupanda kwa tramu na kushuka kwa miguu.

Shuka Halfway kwa ajili ya mgodi wa shaba. Watu waliuchimba takriban miaka 4,000 iliyopita kwa nyundo za mawe na vipande vya mifupa, na ulikuja kufahamika upya mwaka 1987, kabla ya kufunguliwa kwa wageni mwaka 1991. Njia za chini ni nyembamba na zenye unyevu. Mtu mrefu atainama, na anayeogopa mahali finyu abaki juu. Pale penye mashimo madogo kuliko bega la mtu mzima, wataalamu wanaamini waliochimba walikuwa watoto, na mimi sijawahi kupapita bila kusimama kidogo. Juu ya ardhi utakutana na mbuzi weupe wa asili ya Kashmir, wasiofugwa, ambao Machi 2020, watu walipojifungia ndani kwa sababu ya korona, waliteremka na kutembea mitaani wakila mimea ya bustani. Usiwalishe.

Tisa: jioni kwenye Ufukwe wa Magharibi

Kutoka katikati ya mji ni mwendo wa dakika kama 20 kwa miguu. Ufukwe huu ni wa mchanga, mkimya, hauna gati wala vibanda, na jua huzama mbele yako upande wa kisiwa cha Anglesey. Ikiwa umechagua siku ya bamvu, utafika maji yakiwa yamekwenda mbali, na mchanga utakuwa wazi hadi macho yatakapochoka.

Uzuri huo ndio hatari yake. Mchanga si tambarare kabisa. Una mafungu na mikondo, na maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma ya mtu, baina yake na nchi kavu, kabla hajaona chochote mbele. Pana pia mahali penye tope laini linaloshika mguu, hasa kuelekea mdomo wa mto. Itazame karatasi yako. Ingia mchangani maji yakiwa bado yanapwa, kaa upande wa juu, na uwe umeanza kurudi kabla ya saa ya maji kupwa kabisa iliyoandikwa, hata kama bahari inaonekana iko mbali na jua halijagusa kisiwa. Sehemu iliyobaki ya machweo utaiona vizuri zaidi ukiwa umekaa juu ya ukuta, viatu vikiwa vimevuliwa na mchanga ukikung'utwa, huku mikondo ikianza kung'aa mmoja baada ya mwingine kadiri maji yanavyoingia.